Kadi ya Dabo kwenye Makumbusho ya Sinema

Kabla sijaondoka, meneja wetu Felicity aliniomba niandike karatasi moja ya makabidhiano kwa ajili yenu mtakaokaa kaunta baada yangu: funguo ziko wapi, mashine ya kadi huwashwaje, choo cha juu huziba siku gani. Hayo nimeyaandika nyuma ya bahasha, na bahasha iko kwenye droo ya pili. Haya mengine ndiyo kazi yenyewe. Nimeyaandika kwa Kiswahili kwa sababu nikiandika kwa Kiingereza nakuwa mpole kuliko nilivyo. Neema atawasomea wengine. Asipojua neno, ampigie mamake kwao Hounslow.

Nilianza kazi hapa nikitokea kwenye kulea wazee wa watu, kule Wembley, miaka tisa ya kubeba miguu isiyokuwa yangu. Mgongo ulipokataa, nikaona tangazo: makumbusho ya sinema yanatafuta mtu wa mapokezi, mchangamfu, anayependa wageni. Nikasema mimi ni mtu wa Tanga, nikikosa kazi hiyo basi nitakuwa nimelogwa. Niliulizwa kwenye usaili ninajua nini kuhusu historia ya sinema. Nikajibu kwamba nilipokuwa mdogo nilifukuzwa kwenye moja kwa kelele. Wakacheka, wakanipa kazi. Mpaka leo sijui walidhani natania.

Makumbusho yetu mnayajua. Kiwanda cha kofia cha zamani, ghorofa mbili, viti vyekundu vilivyong'olewa kwenye majumba ya sinema yaliyovunjwa, makabati ya tiketi za karatasi, na projekta kumi na nane, kumi na saba zimekufa na moja iko hai. Hakuna mtu anayesafiri kuja London kwa ajili yetu. Watu huja kwa sababu tumo kwenye ile kadi ya matembezi. Mtalii anainunua kwa siku moja, nayo inamfungulia milango ya mji: ngome, mnara, mashua ya mtoni, na sisi. Na kwa kuwa keshailipia, anataka kula kila kilichoko mezani. Sisi ni kachumbari.

Basi somo la kwanza: mwenye kadi ana haraka, msimchukie. Niliwahi kuhudumia familia ya watu sita iliyoingia mlango wa mbele na kutokea mlango wa dharura kwa dakika nne, bibi yao akiwa mbele kwenye kiti cha magurudumu akiwasomea saa. Bwana mmoja aliniuliza mashua inaondokea ghorofa ya ngapi. Mama mwingine akasema, "Kama ningekuwa na muda wa kuona kitu kimoja tu humu, kiwe kipi?" Nikamtazama usoni, nikamwonyesha choo. Alinishukuru kwa dhati, na aliporudi alikuwa na muda wa kuona vitu viwili zaidi. Tangu hapo kila mwenye kadi nimemwonyesha choo kwanza. Hilo hamtafundishwa kwenye kozi.

Sasa niseme kosa langu la kwanza, ambalo kwa miaka mingi alilijua mtu mmoja tu.

Siku yangu ya kwanza Felicity alinionyesha mashine: kadi inawekwa juu ya kioo, mashine inalia mara moja, taa ya kijani, mgeni anapita. Ni rahisi. Akaniacha. Mgeni wa kwanza akaja, bwana mrefu na mkewe, bwana ameshika kadi. Nikaiweka, ikalia, nikawaambia wote wawili karibuni. Mke akaanza kupekua mkoba atoe ya kwake. Nikamwambia mama, usijisumbue, rudisha.

Ninyi mliozaliwa huku hamwezi kuelewa bila kuelezwa. Kwetu ukichangia harusi unaletewa kadi, na kadi ni singo au dabo. Singo anaingia mtu mmoja. Dabo unaingia na mwenzio. Kumpelekea mtu mzima singo ni kumwambia kwa herufi zilizonakshiwa kwamba humhesabu. Nimekaa kwenye kamati za harusi tangu nina miaka kumi na tisa, nimesimama mlangoni na daftari, nimewarudisha watu wenye singo waliokuja na mashemeji. Sasa nikaona kadi hii ya plastiki, nene, ina picha ya daraja kwa rangi. Haikuandikwa singo. Nikajua moja kwa moja kwamba kadi nzuri namna ile haiwezi kuwa ya mtu mmoja.

Kwa hiyo mwezi mzima niliwapitisha wawili wawili. Wenye kadi moja niliwaambia wamwite aliyebaki nje. Wenye kadi mbili niliwaambia warudishe moja mkobani wasiiharibu bure. Wazungu ni watu wenye adabu. Ukimwambia kitu kwa uhakika, anatii.

Lakini juu ya mlango wa ndani kuna kile kijicho kinachohesabu vichwa. Jioni mashine ya kadi inasema wameingia watu thelathini, kijicho kinasema sitini. Felicity akaita fundi. Fundi akabadilisha kijicho. Kesho yake, ishirini na sita kwa hamsini na wawili. Akabadilisha nyaya. Ikawa vilevile. Mwisho fundi, kwa aibu, akasema labda ni baridi. Mlinzi wa jengo naye akakumbuka kwamba zamani, enzi za kofia, msichana wa kiwandani alianguka kwenye ngazi. Baada ya hapo hapakuwa na mtu mwenye swali tena. Makumbusho yana mizimu, na mizimu hiyo inakuja kwa idadi sawasawa na watalii. Mgeni mmoja aliandika mtandaoni kwamba ameguswa bega na mkono wa baridi. Mkono ule ulikuwa wangu. Nilikuwa namrudishia mwavuli.

Aliyenigundua ni Mzee Hasu. Neema ulimkuta mwishoni. Wengine hamkumkuta kabisa. Alikuwa Mhindi wa Tanga, kwao ni barabara ya kumi na moja, mimi ya kumi na tano, na ilibidi tuje tukutane London. Ujana wake wote alikuwa akiendesha mashine kwenye jumba la sinema kule nyumbani. Alipokuja Uingereza alifungua duka la vitambaa Tooting, akalea watoto, akamzika mkewe, kisha akaja hapa kujitolea Jumanne na Jumamosi kwenye ile projekta moja iliyo hai. Alikuja kwa basi na chapati zake ndani ya kopo, tai shingoni, kama anakwenda benki.

Alinitazama mwezi mzima akiwa amekaa kwenye ngazi na kikombe chake. Siku moja akaja kaunta, akasema kwa Kiswahili kilichoninyoosha mgongo:

"Binti, wewe mtu wa wapi?"

"Tanga, mzee."

"Nilijua. Unawapitisha dabo."

Nikasema, "Kwani si dabo?"

"Hapa London kila mtu ni singo, binti. Hata waliooana."

Nikamwambia nitakwenda kwa meneja sasa hivi nikakiri. Akasema, "Ukikiri utafukuzwa, na mizimu itafukuzwa pamoja nawe. Acha. Kuanzia kesho wapitishe mmoja mmoja, na mimi sijaona kitu." Nikafanya hivyo. Mizimu ikaondoka. Fundi akapata sifa, na kila mwaka tangu siku ile amekuwa akiitwa kuja kukagua kijicho. Mimi nikabaki na kazi, na deni la shukrani ambalo sikujua nitalilipaje.

Ndipo Mzee Hasu akaanza kunifundisha mashine, nyakati ambazo kaunta ilikuwa kimya. Alifundisha kwa maneno machache. Mkanda unashikwa pembeni, kamwe usiguse picha. Unaupitisha kwenye magurudumu madogo, unaacha kitanzi juu ya lenzi na kingine chini yake, kwa sababu mkanda usiokuwa na nafasi ya kupumua unakatika. "Halafu usitazame mashine," alikuwa akisema. "Isikilize. Ikiwa sawa inasema tk-tk-tk. Ikianza kusema tka-tka, kitanzi kimekimbia." Niliisikiliza mpaka nikawa naisikia kwenye treni ya kwenda Wembley. Usione vyaelea, vimeundwa. Hata zile dakika arobaini za picha za kijivu zina mtu nyuma yake anayetega sikio.

Na picha yenyewe niitaje, maana wengi wenu mmeiona mwanzo wake tu. Ni mkanda bubu kuhusu utengenezaji wa sabuni. Dakika arobaini. Mafuta yanamiminwa, yanachemshwa, yanakorogwa, yanapoa, na yanapoa kweli, dakika tisa nzima. Mwishoni sabuni inatoka. Ndiyo mkanda pekee tulionao ulio mzima kiasi cha kupita kwenye mashine. Mwenye kadi akikaa sana alikaa dakika kumi na moja, akatazama saa, akakumbuka mashua yake. Katika miaka yote ile Mzee Hasu hakuwahi kuionyesha mpaka mwisho mbele ya chumba kilichojaa. Mara nyingi sabuni ilitoka mbele ya mtu mmoja aliyelala.

Hapo ndipo ilipokuja habari ya sumaku. Felicity si mtu mbaya, niliseme hilo. Alikuwa na wakubwa juu yake wanaopenda chati. Walimwonyesha kwamba chumba cha projekta kina viti arobaini visivyokaliwa, ilhali duka la kuuzia sumaku za kubandika kwenye friji ni dogo mno. Chumba kigeuzwe duka. Projekta hai ipelekwe kwa wenzake kumi na saba, iwekwe kamba.

Felicity alimwambia Mzee Hasu mwenyewe, kwa upole, pale kwenye ngazi. Mzee akanyoosha tai. Akasema, "Sawa, madam." Basi. Kisha akaingia chumbani kwake, na nilipompelekea chai nikamkuta amekaa gizani, mkono juu ya mashine, haijawashwa. Niliogopa. Wazee nimewalea, nawajua. Mtu kama yule ukimnyang'anya Jumanne na Jumamosi, hamalizi mwaka. Na huyu ndiye aliyekaa kimya ili mimi nile.

Nikamfuata Felicity nikamwambia anipe nafasi moja. Viti vyote arobaini vijae, watu wakae mpaka mwisho. Akafikiri, nadhani kwa kuwa alijua haliwezekani, akasema, "Mwanaidi, ukijaza viti arobaini wakakaa hadi mwisho wa sabuni, siku moja tu kabla mwezi haujaisha, chumba sitakigusa."

Chama chetu cha kina mama wa Kitanzania kilikuwa kinapanga siku ya matembezi. Tulikuwa wauguzi, walezi wa wazee, wapishi wa shule. Watu wenye miaka ishirini London wasioijua London, ila wodi na kituo cha basi. Walikuwa wamekubaliana wanunue kadi ya matembezi, angalau siku moja nao wawe watalii. Nikaandika kwenye kundi la simu: "Jumamosi saa nne asubuhi tuanzie kwangu makumbusho. Tunamshika mkono Mzee Hasu kwenye shughuli yake. Sare njano. Njooni na kadi, tujae, na asitoke mtu kabla ya mwisho."

Someni tena ujumbe huo. Shughuli, sare, kadi. Mimi niliyeungua na uji ule ule, nikawamiminia wenzangu.

Jumamosi saa nne kasorobo nikasikia tarumbeta nje. Si redio, tarumbeta. Nikachungulia. Njia nzima ilikuwa ya njano. Mbele yuko Bi Chausiku, mwenyekiti wa chama na muuguzi wa wodi ya mifupa, mtu ambaye akishika kipaza sauti hakiachi mpaka betri iishe. Nyuma yake wanawake, waume zao, masanduku ya barafu yenye pilau, na mtu mmoja amebeba blenda iliyofungwa utepe.

Kaunta alikuwepo Neema, wiki yake ya tatu. Bi Chausiku akaweka kadi, ikalia. Akapita na mumewe. Neema akamzuia mume.

"Sorry, Uncle, it's one each."

"Mwanangu, hii card ni double," akasema Bi Chausiku.

"It says adult, Auntie. One adult."

"Sasa huyu unamwona ni mtoto?"

Kumbe chama kizima kilinunua kadi ishirini na moja, na watu walikuwa arobaini na wawili. Bi Chausiku ndiye aliyepitisha uamuzi, akisema hakuna haja ya kununua mara mbili, maana hajawahi kuona kadi nzuri vile ikawa singo. Sikuwa na ulimi wa kumcheka. Neema akanigeukia, macho yamemtoka. Nilijua sheria. Nilijua pia viti ni arobaini. Nikamwambia, "Waweke kadi zao, Neema. Wengine nitawajibia mimi."

Wakapita wawili wawili, mikono imeshikana. Kijicho kikahesabu.

Bi Chausiku aliponifikia akanivuta pembeni. "Wewe Mwanaidi ni msiri sana. Ujane wote huo, kumbe una mtu wako. Na Mhindi! Haya, yuko wapi bwana harusi?"

Nikafungua mdomo nikanushe. Nikatazama ndani: viti kumi na kimoja vilikuwa bado vitupu, na watu walikuwa mlangoni wakisubiri kuona nitasema nini. Nikafunga mdomo. Wakanifunika khanga mbili kichwani, wakanisukuma hadi chumba cha projekta, ambako Mzee Hasu alikuwa amesimama kando ya mashine yake na tai, na kwa bahati mbaya siku hiyo alikuwa ameweka ua kifuani. Vigelegele vikapasua dari.

Akaninong'oneza, "Mwanaidi, tumeoana lini?"

"Nyamaza mzee. Washa mashine."

Akawasha. Sabuni ikaanza. Bi Chausiku akachukua kipaza sauti akidhani kwamba bwana harusi ameandaa filamu ya historia ya ukoo wake. "Mnaona, wageni waalikwa, ukoo wa viwanda huu!" Mafuta yalipomiminwa, wakashangilia. Yalipochemshwa, wakashangilia. Zile dakika tisa za kupoa, tarumbeta ikapigwa taratibu, na mstari wa kutunza ukaanza: watu wakicheza kwa zamu mpaka kwenye projekta, wakimfunika mzee vitenge begani, blenda ikawekwa miguuni pake. Mcheza kwao hutunzwa. Watalii wawili wa kweli, mume na mke, waliingia wakiwa na dakika chache kabla ya mashua. Wakapishwa viti viwili vya nyuma na kuvikwa njano. Sasa wenzangu wanne walikuwa wamesimama ukutani. Chumba kilijaa hadi pomoni.

Felicity alikuwa mlangoni, mweupe kama sabuni yenyewe. Ameshika karatasi. "Mwanaidi," akasema kwa sauti ndogo, "mashine inasema ishirini na tatu. Kijicho kinasema arobaini na nne. Wamerudi."

Mashine ilisema tka. Nikaisikia kabla ya yeyote. Tka-tka, kisha pa, na ukuta ukawa mweupe mtupu. Mkanda umekatika, na sabuni ilikuwa haijatoka.

Taa zikawashwa. Watalii wale wakatazama saa, wakasimama. Wawili wakiondoka, wengine hufuata, hilo mtaliona wenyewe kaunta. Bi Chausiku akanyanyua kipaza sauti, akasema kwa Kiingereza safi cha wodini kwamba wote wakae, kwani chakula bado hakijatoka. Ndugu zangu, arobaini na wawili wale hawakutikisika. Mtu wa kwetu anaweza kuondoka kabla ya hotuba, kabla ya keki, hata kabla ya bi harusi. Kabla ya pilau, haondoki. Mtalii wa kike akauliza jirani yake, "Kuna chakula?" Wakakaa tena.

Mimi nilikuwa natazama mikono ya Mzee Hasu. Ilikuwa inapapasa mezani. Mkasi ulikuwa pale pale, inchi moja kutoka kidoleni, na mkono ukaupita. Ukarudi, ukaupita tena.

Nikamwuliza taratibu, "Mzee. Tangu lini?"

"Mwaka wa pili huu. Kupitisha mkanda naweza, vidole vinajua njia. Kuunga, lazima nione matundu." Alikuwa anatabasamu kwa ajili ya watu. "Binti, waambie wamalizie hapo. Wamefurahi."

Nilipata hasira na huruma kwa pamoja, sijui kipi kilitangulia. Nikavua khanga kichwani. Nikakata ncha mbili sawasawa, nikapanga tundu kwa tundu, nikabandika tepu, nikaibana. Nilishika pembeni. Nyuma yangu tarumbeta ilikuwa inapiga wimbo wa kumtoa mwali. Nikapitisha mkanda, kitanzi juu, kitanzi chini. Mzee akatega sikio. Nilipowasha, akasikiliza sekunde chache, akasema, "Ndiyo."

Sabuni ikatoka. Vipande vyeupe, mamia kwa mamia, vikiteremka kwenye mkanda wa kiwandani, na watu arobaini na wanne wakapiga vigelegele kana kwamba ni watoto wao wamefaulu mtihani. Mume wa yule mtalii alikuwa analia. Baadaye aliniambia ni harusi nzuri kuliko yake.

Pilau lililiwa uani. Hapo nikamfuata Felicity nikamweleza yote: singo, dabo, mwezi ule wa kwanza, msichana wa ngazi. Nilitegemea barua ya kufukuzwa. Alichota pilau kwenye sahani yake, akala. Kisha akasema, "Miaka kumi na mbili fundi anakuja kukagua kile kijicho."

Nikasema, "Ni fundi mzuri."

"Na mimi nimewaambia watalii habari za yule msichana. Nimewaonyesha ngazi aliyoanguka."

"Unaisimulia vizuri sana."

Akatafuna. Akasema, "Nilisema viti arobaini vijae. Sikusema vijazwe na kadi ngapi." Chumba hakikuguswa. Sumaku ziko kwenye kikapu kando ya mlango hadi leo, mnazijua.

Chama kiliambiwa ukweli kuhusu harusi siku hiyo hiyo, na hakikukubali. Bi Chausiku alisema zawadi hazirudi. Blenda iko Tooting, inasaga chatini. Mpaka leo Bi Chausiku akiniona husalimia, kisha anauliza bwana hajambo.

Mzee Hasu aliacha mashine mwaka uliofuata, kwa hiari yake, mchana wa Jumanne, baada ya kunikabidhi mkasi. Nikaiendesha mimi, kaunta akawa Neema. Miaka minne. Na huu mwaka, wa mwisho wangu, Neema nimemfundisha hayo hayo: pembeni, kitanzi, sikio. Niliongea naye Kiswahili muda wote, na muda wote alinijibu Kiingereza.

Siku ya kuniaga mlinipa zawadi, na nilicheka mbele yenu bila kueleza. Mlinipa kadi ya matembezi. Siku moja, mtu mzima mmoja. Mlifikiri nitakwenda kwenye mnara. Jumamosi iliyopita nilikwenda Tooting, nikamchukua Mzee Hasu kwa basi, tai shingoni, mkono wake begani mwangu kwa sababu sasa haoni kitu, nikamleta kazini kwetu. Mtu wa mwisho kujua, kama kawaida, ni Felicity.

Neema alikuwa kaunta. Nikaweka kadi. Ikalia mara moja. Nyuma yangu mzee alianza kujipapasa mifukoni atafute kadi asiyokuwa nayo. Neema alimtazama, akanitazama, akatazama mashine.

"Msijisumbue," akasema kwa Kiswahili. "Ni dabo hii. Piteni."

Tukakaa mstari wa kati. Mzee aliniambia kwamba miaka yote ile, Tanga na London, hajawahi kuifuata picha yoyote mpaka mwisho akiwa kwenye kiti. Alikuwa nyuma na mashine. Neema akaja kuwasha. Chumbani mlikuwa na watalii sita, wote na saa. Kufikia sabuni inapoanza kupoa, walikuwa wamekwisha kwenda kwenye mashua yao. Mzee alikuwa amefumba macho, anasikiliza tk-tk-tk. Hakusikia kosa lolote. Muda ulipofika akanigusa mkono.

"Imetoka?"

"Imetoka, mzee."

"Nyeupe?"

"Nyeupe."

Nikapiga kigelegele, peke yangu, katikati ya viti vitupu, mtu mzima mimi. Kikaisha. Kisha nyuma kabisa, kutoka kwenye mashine, kikajibiwa. Kilikuwa chembamba, cha mtoto wa Hounslow, kilikatika katikati na kikaungwa tena, na Mzee Hasu akageuza kichwa kukisikiliza mpaka mwisho.